Tundu katika Honi ya Kwanza

"Mpaka saa sita mchana," Damiano alisema, "huyo mtu atakuwa amesimama hapa hapa analia, na mimi niko kwenye kikombe cha pili cha chai."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, mwaka 1995, saa moja na robo asubuhi, ndani ya stoo ya sakristia ya misheni ya Lutumbi, mlimani juu ya mji wa Mbinga, kwenye baridi ya kumfanya mtu atoe moshi mdomoni. Kauli hiyo aliitoa kwa sauti ya mpelelezi mzoefu. Kusema kweli, tangu amalize kidato cha nne alikuwa amepeleleza kesi moja tu, ya kuku wa masista, na kuku yule alirudi mwenyewe.

Mezani ililala honi. Si honi ya gari. Ni tarumbeta ya Kizungu, bomba jembamba lililozungushwa na kuzungushwa kama utumbo wa mbuzi, halafu mwishoni likafunguka mdomo mpana kama beseni. Misheni ilikuwa nazo nne, zilizoletwa na marafiki wa ng'ambo, na katika mkoa mzima wa Ruvuma usingepata ya tano. Hii ilikuwa honi ya kwanza, ya Mwalimu Othmar mwenyewe, kiongozi wa bendi. Kwenye bomba lake, karibu na vibonyezo, palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole kidogo.

Mwalimu Othmar aliishika honi kama mtu anayemshika mtoto mwenye homa. Akaipuliza. Ikatoka hewa, fyuuu, na sauti moja mbovu kama puto linaloishiwa upepo.

"Mwalimu, usijali," Damiano alisema.

"Kesho saa tisa," Othmar alijibu. Basi.

Kesho saa tisa mchana alikuwa anakuja mgeni wa redio, Mzungu mwenye mashine ya kurekodi, akiwa njiani kushuka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, kupanda meli. Angekaa kwa muda wa saa mbili tu. Alikuwa anakuja kusikiliza "Mvuke", muziki wa honi nne ambao Othmar aliuandika kwa miaka saba, tangu alipofundisha huko ziwani na kuona moshi mweupe ukipanda majini asubuhi. Haukuwa wimbo wa kuimbika. Honi moja ilipumua tu bila kulia, nyingine ilizibwa kwa ngumi ndani ya mdomo wake hadi ikanung'unika, na mbili zikashikilia sauti zilizosuguana kama mabati. Waumini waliposikia mazoezi mara ya kwanza walituma mjumbe kuuliza kama kuna mgonjwa. Damiano, aliyepuliza honi ya nne, aliuita "ng'ombe wanne wanaulizana njia". Lakini aliupuliza vizuri, na Othmar alijua.

"Hatuwezi kupiga watatu?" aliuliza Restituta, fundi cherehani, mwenye honi ya pili.

"Huu muziki ni watu wanne wanapokezana pumzi," Othmar alisema. "Ukimtoa mmoja, watatu waliobaki wanakosa hewa. Siwezi kuuandika upya kwa siku moja, binti yangu. Na huyo mgeni harudi tena."

Padre paroko alifika, akaitazama honi, akavua miwani na kuifuta. "Aliyefanya hivi," alisema taratibu, "ataondoka katika ardhi ya misheni siku hiyo hiyo tutakapomjua. Awe nani."

Damiano akatoa daftari.

Aliandika: mazoezi ya jana Ijumaa yalikwisha saa kumi jioni. Honi zilirudishwa stoo na yeye mwenyewe, saa kumi na robo, zikiwa nzima. Stoo ilifungwa, ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sakristia, mahali pa siri panapojulikana na parokia nzima. Mlango mkubwa wa nje ulifungwa na mlinzi saa kumi na mbili. Kwa hiyo mharibifu aliingia katikati ya hapo, mchana kweupe.

Kisha akaliangalia tundu. Pembeni yake palikuwa na weusi kama masizi. Chini yake risasi ya kuungia bomba ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama chozi. Na kwenye ukingo kilinasa kipande cheupe, chembamba kuliko karatasi, kidogo kama ukucha.

"Karatasi ya sigara," Damiano alitangaza, akakibanua kwa ncha ya kisu na kukiweka katikati ya kurasa. "Mtu wetu ni mvutaji."

"Na weusi?" Restituta aliuliza.

"Grisi. Wewe dada shona magauni, niachie mimi."

Saa mbili alikwenda getini kwa mlinzi, Mzee Tarsisi, Mnyasa wa Chiwanda kando ya ziwa, aliyepanda milimani miaka kumi na miwili iliyopita na hajaacha kulalamikia baridi. Mzee alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, amejifunga blanketi, jiko la mkaa miguuni. Hakukosa zoezi hata moja. Alikaa nje chini ya dirisha na kusikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula nikimkamata mtu. Jana kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, uliona mgeni yeyote akiingia sakristia?"

Mzee alifikiri. "Mgeni? Hapana. Sikuona mgeni."

"Hamidu wa vyuma chakavu?"

"Huyo alikuja juzi Alhamisi. Jana hakuja." Akavuta blanketi. "Mwalimu ameipuliza?"

"Ameipuliza, haitoi kitu."

"Haitoi kabisa?"

"Inatoa upepo, Mzee. Kama wewe ukicheka."

Mzee Tarsisi hakucheka. Alichochea mkaa, akasema Mungu amsaidie Mwalimu. Damiano aliandika: *Mlinzi, hana habari*. Akapigia mstari.

Hamidu alikuwa na duka karibu na stendi ya Mbinga, mzaliwa wa Kilwa, na tangu biashara iachiwe huru alikuwa ananunua kila kilichong'aa: mabomba, betri, masufuria yaliyotoboka. Alhamisi alikuja kuulizia vinara vya zamani vya altare, na alipopita stoo aliinua honi moja na kukisia uzito wake. Watu watatu walimsikia. Damiano alimpata dukani saa tano, akamwambia Padre anataka kuuza kengele iliyopasuka. Hamidu alipanda mlima kwa baiskeli kwa kasi ya kushangaza.

Saa sita kamili alikuwa amesimama ndani ya stoo, kama Damiano alivyoahidi. Ila hakuwa analia.

"Kengele iko wapi?"

"Hakuna kengele, Bwana Hamidu. Kuna hili." Damiano alimwonyesha tundu. "Ulikuja jana jioni kupima kama ni shaba. Ukatoboa."

Hamidu alilitazama tundu, akamtazama kijana, akamtazama Padre kama anayeuliza huyu ana wazazi. "Ewe mwana. Jana tangu sala ya Ijumaa hadi magharibi nilikuwa maziko ya mke wa Mzee Musa. Nimeshika jeneza. Waulize watu hamsini, na kaburi lipo, lichungulie ukitaka."

"Lakini ulitaka kuinunua."

"Nilitaka na nataka! Nikiitaka nzima, niitoboe ya nini?" Akaweka kidole kwenye weusi. "Tena mimi napima shaba kwa tupa. Unakwangua kidogo, unaona rangi, basi. Hapa mtu kachoma. Haya ni masizi, si grisi. Kuna mpumbavu kaweka chuma cha moto kwenye kitu kilichoungwa kwa risasi. Tazama, risasi yote imelia." Akageuka kuiendea baiskeli yake. "Na kesi yako ya kengele nitaipeleka kwa mjumbe."

Damiano alikunywa chai yake ya kwanza ikiwa imepoa.

Akabaki Tobias, mwenye honi ya tatu. Tobias hakuipenda "Mvuke" na alisema hivyo waziwazi: alitaka bendi ipige nyimbo za kuchezeka, wapate mialiko ya harusi. Alivuta sigara, na hakuwapo kwenye mazoezi ya Ijumaa. Alitokea saa nane mchana, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Ulikuwa wapi jana?"

"Foleni ya kahawa mjini. Siku hizi kila kona kuna mnunuzi na mzani wake. Huyu anasema njoo kwangu, yule anasema subiri lori. Nimelala juu ya magunia na wanaume thelathini. Kwani vipi?"

Akaonyeshwa honi. Damiano alimtazama usoni kwa jicho alilofikiri ni kali. Tobias aliketi chini sakafuni.

"Bwana," alisema hatimaye. "Mimi huu muziki nauita ugonjwa. Lakini yule mzee ameuandika miaka saba. Mtu ana roho gani?" Akamgeukia Damiano. "Unaniandika mimi? Mimi?"

Damiano alikuwa ameshaandika. Alifuta kwa kidole kilicholowa mate, ukurasa ukatoboka.

Jioni ile Othmar alijaribu kila kitu. Waliziba tundu kwa nta ya altare, nta ikaanguka. Walifunga kiraka cha baiskeli kwa solusheni, kikashika, sauti ikatoka, na Restituta akapiga makofi. Ndipo wakagundua vibonyezo havishuki. Aliitwa fundi redio. Alitazama ndani kwa tochi, akatingisha kichwa: risasi ilikuwa imetiririka mpaka kwenye vigurudumu vidogo vinavyozunguka chini ya vibonyezo, ikaganda mle. "Nikipasha moto nifungue hapa, panaachia pale," alisema. "Hii ni ya kwenda kwa wenyewe, Ulaya."

Othmar alimshukuru. Alimshukuru mara mbili. Kisha akapanga karatasi za muziki kwenye stendi nne kama kawaida, akazitazama, wala hakuziondoa.

Jumapili baada ya misa ya kwanza, saa tatu asubuhi, Damiano aliketi ukumbini na daftari lake, bila mshukiwa hata mmoja. Alikitoa kile kipande cheupe. Alikilowesha kwa ulimi. Karatasi ya sigara ingeyeyuka, hiki hakikuyeyuka. Alikivuta, kikavutika. Akakishika karibu na midomo akisema peke yake, "Sasa wewe ni nini?" na kile kipande kikatetemeka, kikamjibu, zzzz, kama nzi ndani ya kibiriti.

Alisimama ghafla kiti kikaanguka.

Kwa wasiojua: huko chini ziwani wanaume hucheza mganda, wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, mistari imenyooka kama gwaride. Bendi yao ni vibuyu. Kibuyu hutobolewa ubavuni, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake ukutani. Mtu akivumisha sauti mdomoni mwa kibuyu, utando unatetemeka nacho kinalia kama tarumbeta yenye mafua. Bila utando ni kibuyu cha maji tu. Na kibuyu hakitobolewi kwa kisu, kitapasuka. Kinatobolewa kwa msumari uliotiwa motoni.

Saa nne kasorobo, Mzee Tarsisi akiwa misa ya pili, Damiano aliingia kibandani kwake. Ukutani vilining'inia vibuyu vitatu. Kila kimoja kilikuwa na tundu lenye ukingo mweusi. Aliingiza ncha ya kidole kidogo: ikaenea sawasawa, kama ilivyoenea kwenye honi. Chini ya kitanda palikuwa na msumari wa inchi sita, umebabuka, na kwenye ncha yake chembe ya risasi.

Alitoka akipiga mluzi. Angeweza kuketi kwanza akajiuliza kwa nini mzee anayeupenda muziki ule kuliko kanisa zima auharibu. Hakujiuliza. Alikwenda kwa Padre akaomba watu wote wakusanyike sakristia saa saba.

Walikusanyika. Padre kwenye kiti, Othmar karibu na stendi zake nne, Restituta na Tobias ukutani, Mzee Tarsisi mlangoni, kofia mkononi. Damiano alitembea huku na huku. Alieleza utando. Alieleza masizi. Alitoa kibuyu nyuma ya mgongo, watu wakaguna. Alitoa msumari.

"Nilikuuliza kama uliona mgeni," alisema. "Ukanijibu hukuona mgeni. Kweli! Wewe si mgeni. Mzee Tarsisi, Ijumaa jioni uliitoboa honi ya Mwalimu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," mzee alisema.

Hakuna aliyetegemea iwe rahisi hivyo. Hata Damiano alipoteza hatua.

"Tarsisi," Padre alisema, "kwa nini?"

Mzee alimtazama Othmar, si Padre. "Mwalimu, zile honi zinalia vizuri, lakini zinalia kama mtu aliyezibwa pua. Hazina utando. Mimi nimetengeneza vibuyu tangu kijana, Chiwanda nzima wanajua. Nikachagua utando mzuri, nimeutafuta siku nzima. Nikapasha msumari. Ulipogusa tu, honi ikaanza kutoa machozi. Nikaona nimekosea. Lakini tundu lilikuwa limeshafika nusu, nikasema nikiacha nusu itakuwa vibaya zaidi, nimalize. Nikamaliza. Nikapuliza, haikulia." Alikunja kofia. "Nilitaka ikulilie mbele ya mgeni."

Othmar alifunga macho.

"Lakini nani alikupa ruhusa ya kugusa kitu kisicho chako?" Padre aliuliza.

"Niliambiwa Mwalimu anataka hivyo. Kwamba anaona haya kuniomba mwenyewe."

"Nani alikwambia?" Damiano aliuliza haraka, kalamu juu. Ndilo swali linalofuata siku zote. Lilimtoka lenyewe, na lilipokuwa hewani, Alhamisi ikamrudia yote, kuanzia uzio wa kibanda hadi harufu ya mkaa. Hakumtazama Restituta.

"Siwezi kusema," mzee alijibu. "Niliambiwa ni siri, nishtukize. Nikakubali. Nikikubali nimekubali."

"Mzee, unajiumiza," Padre alisema.

"Najua, Padre."

Nje, watoto wa katekisimu walikuwa wanaimba kwa kupokezana. Padre akavuta pumzi. "Basi nilisema neno jana mbele ya watu, siwezi kulimeza. Kafunge vitu vyako. Kuna lori la mizigo kutoka Mbinga linapita saa kumi kushuka ziwani, nitalisimamisha mwenyewe." Hakuonekana mtu aliyefurahia. Mzee Tarsisi aliinamisha kichwa na kugeuka.

Damiano alikuwa na nafasi ya kusema wakati huo, na nyingine wakati mzee anaivaa kofia, na nyingine wakati mlango unalia. Alilitazama daftari lake kana kwamba mstari unaofuata umeandikwa mle. Zote zilimpita.

"Babu, simama," Restituta alisema.

Mzee akasimama.

"Padre, mimi nilikuwapo. Alhamisi saa kumi na nusu, baada ya mazoezi, nilikuwa nyuma ya kibanda cha Babu namwaga maji ya ndani ya honi yangu. Babu alimwambia Damiano hizi honi zinakosa utando. Damiano akamwambia, tena kwa heshima zote, 'Umegundua, Mzee! Mwalimu usingizi hapati kwa jambo hilo. Anasema Lutumbi nzima mtu wa kulifanya ni wewe, ila anaona haya. Mfanyie kabla mgeni hajaja, na usimwambie mtu.' Nimesikia neno kwa neno."

Tobias alisema kitu kwa Kimatengo ambacho hakifai sakristia. Padre hakumkemea.

Mwalimu Othmar alifungua macho. "Damiano?"

Kijana ambaye hajawahi kukosa jibu tangu chekechea alifungua mdomo. "Mwalimu, ulikuwa... Babu, ulikuwa utani. Utani tu. Sikujua ungefanya."

Mzee Tarsisi alirudi hatua mbili ndani. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa anakumbuka, kama mtu anayepekua mfuko.

"Kwa hiyo Mwalimu hukuniomba," alimuuliza Othmar.

"Sikukuomba, Mzee wangu."

"Aa." Akamgeukia Damiano. "Lakini sisi tunataniana, mwanangu. Babu na mjukuu, tangu zamani. Mtu akikutania, mwishoni anacheka, nawe unajua umetaniwa, mnacheka wote. Mimi nilikutazama usoni kabisa. Wewe hukucheka."

Damiano aligeuka kwa Restituta, macho yakimwomba kitu, chochote.

"Alicheka, Babu," Restituta alisema. "Ulipokwisha kwenda. Alikuja nyuma ya kibanda akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka naye."